Kijivu Kinachogeuka Ukutani

Mafundi rangi wengi wameshalisikia lalamiko hili: mteja kachagua kijivu kwenye kadi, kopo limefunguliwa mbele yake, ukuta umepigwa mikono miwili, na sasa anauona wa bluu. Lawama zote zinaliangukia kopo.

Mara nyingi kopo halina kosa. Kijivu hurudisha mawimbi yote ya mwanga kwa viwango vinavyokaribiana, na kile kinachoitwa kijivu baridi huzidisha kidogo tu upande wa bluu. Ndiyo maana mwanga ukibadilika kidogo, nacho kinageuka. Taa iliyoandikwa 6500K kwenye boksi, ile nyeupe inayojaa madukani, ina bluu nyingi. Ya 2700K ina unjano. Chini ya ile ya kwanza sebule hufanana na chumba cha kugandishia samaki.

Halafu kuna majirani. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mapazia mazito ya kupamba kuta. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa zimepauka. Chevreul alizichunguza, akakuta ni nzima kabisa. Kilichoziponza ni nyuzi za bluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu jambo hilo. Jicho huipima rangi kwa kuilinganisha na iliyo jirani, na huisukuma mbali nayo. Weka mlango wa mninga, wenye hudhurungi inayoelekea machungwa, kando ya kijivu baridi: kijivu kitazidi kuwa cha bluu.

Kwa hiyo kupaka kiraka cha majaribio juu ya ukuta wa zamani wa krimu, kama wengi tufanyavyo, ni kujidanganya, maana krimu nayo inasukuma. Afadhali ubao mpana uliopakwa hadi ukingoni. Usimamishe nyuma ya kochi, uutazame asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwa zimewashwa.

Magazeti ya Ulaya huonya kwamba chumba kinachotazama kaskazini hakifai kijivu baridi, kwa kuwa huko kinapata mwanga wa anga tu, wenye ubluu. Ushauri huo haufai kubebwa mzimamzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kisha huhamia kusini. Dirisha lilelile hubadilisha tabia ndani ya mwaka mmoja, na kama nje kuna mwembe au uwanja wa udongo mwekundu, ukijani au wekundu wake nao huingia ndani.

Kuhusu joto, ubaridi wa rangi hii unaishia machoni. Rangi ya ukuta wa ndani haipunguzi joto la chumba kwa kiasi cha kuhisika. Anayetaka nafuu aanze na paa.