Kibra au Kibera? Jinsi data ya grafu inavyomsaidia mhariri wa matini

Eneobunge linaitwa Kibra. Mtaa wenyewe, vinywani mwa wengi wetu, ni Kibera. Wanubi, ambao babu zao waliwekwa pale wakiwa askari wa King's African Rifles, hushikilia Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Tofauti ni ya irabu moja tu, lakini irabu hiyo ina uzito. Mnamo 1918 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 4,197 hapo kuwa hifadhi ya kijeshi. Mnamo 2017 jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Kati ya takwimu hizo mbili kuna takriban miaka mia moja ya barua, maombi na ushahidi.

Tuseme basi umepewa kazi ya kuhariri karatasi hizo ili zisomwe na watu wa leo. Hapa unakuta Kibra, pale unakuta Kibera. Utafanyaje? Ukiyasawazisha yote yawe Kibera, umeifuta sauti ya Wanubi. Ukiyasawazisha yawe Kibra, umemlisha afisa wa kikoloni neno ambalo hakulitamka. Mwanahistoria Timothy Parsons, katika makala yake ya 1997 kuhusu askari hao na vizazi vyao, aliyatia majina yote mawili katika kichwa kimoja: Kibra panaposikika sauti ya Wanubi, Kibera panapotajwa lokesheni ya kiutawala. Mhariri mwenye haraka angedhani hilo ni kosa la chapa, akalirekebisha, na kumbe ameharibu.

Uhariri wa kitaalamu ni tofauti na ule wa gazetini wa kusahihisha tahajia na kupunguza maneno. Ni kazi ya kukusanya nakala zote za matini, kuzilinganisha, kuamua isomwe vipi, kisha kumweleza msomaji kwa nini umeamua hivyo. Chukua mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840. Miongo kadhaa baadaye, mmishonari W. E. Taylor aliyakusanya kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. William Hichens akayachapisha 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa uchunguzi wake 1979. Ubeti unaousoma leo, kwa hivyo, umepitia kumbukumbu za watu, mkono wa Sikujua, karatasi za Taylor na uamuzi wa wahariri. Katika kitabu cha kawaida safari hiyo hufungiwa katika utangulizi na tanbihi. Na hebu tuambiane ukweli: ni wangapi wetu husoma tanbihi?

Kompyuta ilipoingia, wataalamu waliunda utaratibu wa pamoja wa kuweka alama ndani ya matini. Mradi huo, Text Encoding Initiative, kwa kifupi TEI, ulianza 1987 na bado ndio msingi wa kazi nyingi za aina hii. Umbo lake ni la mti. Kitabu kina sura, sura ina aya, aya ina sentensi. Kila tawi lina mama mmoja tu.

Shida ni kwamba matini halisi hazikui kama mti. Katika utenzi, sentensi huweza kuanza katika ubeti mmoja na kuishia katika ubeti unaofuata. Ukurasa wa mswada nao huisha katikati ya ubeti. Je, kipande hicho ni mtoto wa ubeti, wa sentensi au wa ukurasa? Ni mtoto wa wote watatu, na mti haukubali hilo kwa urahisi. Wahariri wana mbinu za kuuzunguka ugumu huu, ila ni viraka juu ya viraka.

Hapo ndipo grafu inapokuja. Usifikirie ile grafu ya darasani yenye mistari ya kupanda na kushuka. Grafu tunayoizungumzia hapa ni kama wavu wa mvuvi: kuna mafundo, na kuna nyuzi zinazounganisha mafundo hayo. Fundo huweza kuwa mtu, mahali, neno, ubeti au ukurasa. Uzi ni uhusiano wao. Fundo moja huweza kufungwa na nyuzi nyingi uwezavyo, na hakuna anayeuliza mama yake ni nani.

Kwa mpenzi wa sarufi jambo hili si geni. Mwaka 1999 shirika linalosimamia viwango vya wavuti, W3C, liliidhinisha kiwango kiitwacho RDF, na mwaka 2001 Tim Berners-Lee na wenzake wawili wakaeleza kwa umma ndoto ya wavuti wa kisemantiki, yaani wavuti ambao mashine zinaweza kufuata maana ya kinachosemwa. Msingi wa RDF ni sentensi fupi yenye sehemu tatu: kiima, kiarifu na yambwa. Sikujua alimsaidia Taylor. Hichens alihariri diwani. Kibra ni neno la Kinubi. Kila sentensi ya namna hiyo ni uzi mmoja kati ya mafundo mawili. Ukizikusanya elfu kumi, umepata wavu ambao unaweza kuuliza maswali: nionyeshe kila ubeti uliopitia mkono wa Sikujua. Huko Italia, Francesca Tomasi wa Chuo Kikuu cha Bologna ameongoza uhariri wa namna hii kwa barua za Vespasiano da Bisticci, muuza vitabu wa Florence wa karne ya 15, na watu wanaotajwa katika barua hizo wameunganishwa na data iliyoko kwingineko kwenye wavuti.

Siri ya pili ni kwamba kila fundo hupewa anwani yake ya kipekee, kama vile kila mtu alivyo na nambari yake ya kitambulisho. Anwani hiyo hailitegemei jina. Turudi Kibera. Hifadhi ya kijeshi ya 1918 ni fundo moja. Mtaa wa leo ni fundo la pili. Eneobunge lililopiga kura kwa mara ya kwanza 2013 ni la tatu, nalo linajumuisha hata Woodley. Zile ekari 288 za hatimiliki ni la nne. Ukiyaita yote Kibera bila kuyatenganisha, msomaji atadhani ekari 4,197 na ekari 288 zinahusu kitu kimoja, na hapo hoja nzima ya ardhi inapotea.

Kawangware nako kuna somo. Basi na matatu za nambari 46 zimekwenda huko miaka mingi, hadi nambari ikageuka jina la mahali. Kijana akiandika katika wimbo au hadithi ya Sheng kwamba anashukia 46, je, 46 hiyo ni njia ya matatu au ni steji? Mtu wa mtaani hahitaji kuelezwa. Mashine inahitaji. Msomaji wa mwaka 2090 pia atahitaji, maana nambari za matatu hubadilika. Mhariri anayeweka mafundo mawili, moja la njia na moja la mahali, amemhifadhia msomaji huyo maarifa ambayo leo tunayaona ya bure.

Je, jina Kawangware lenyewe limetoka wapi? Wengi hulihusisha na neno la Kikikuyu ngware, ambalo ni ndugu wa neno letu kwale, yule ndege wa vichakani. Wengine husema ndege aliyekusudiwa ni kanga. Katika kamusi ya kuchapishwa, mhariri angechagua dai moja. Katika grafu madai yote mawili hukaa, na kila moja hufungiwa uzi wa ziada unaosema nani alidai, lini, katika ukurasa upi. Ndivyo inavyofanya Wikidata, ndugu yake Wikipedia, iliyoanza 2012: hukubali kauli zinazopingana mradi kila kauli iwe na mahali inapotegemea. Kwangu mimi, hii ndiyo faida kubwa kuliko zote. Grafu iliyotengenezwa vizuri haikuambii tu kwamba jambo ni hivi. Hukuambia nani alisema ni hivi.

Kwa nini hilo lina maana kwetu? Fikiria Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoteuliwa 1932 chini ya Morris Carter. Ushahidi wake ulichapishwa katika majuzuu matatu mwaka 1934. Wakikuyu wa Kiambu na Dagoretti, upande ule ule wa Kawangware, walidai mashamba ya mababu zao. Kuhusu Wasudani wa Kibera, tume iliona kwamba walikaa pale kwa ridhaa ya serikali tu. Mashahidi wengi walisema kwa lugha zao, mkalimani akatafsiri, karani akaandika Kiingereza. Ukisoma ukurasa uliochapwa, unadhani unamsikia mzee wa Dagoretti. Kumbe unamsikia karani aliyemsikia mkalimani aliyemsikia mzee. Uhariri wa grafu ungeiweka minyororo hiyo wazi, na pia ungeunganisha Wasudani wa 1934 na Wanubi wa leo bila kulifuta jina lolote.

Wala vijana wa mitaa hii hawangoji maprofesa. Mwaka 2009, vijana wa Kibera walishirikiana na Erica Hagen na Mikel Maron katika mradi wa Map Kibera, wakauchora mtaa wao kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, ambamo awali palikuwa karibu patupu. Data ya ramani hiyo huhifadhiwa kwa nukta, njia na mahusiano, na mahali pamoja panaweza kuwa na majina kadhaa. Vilevile mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ulitoa ramani ya njia za matatu za jiji mwaka 2014. Mafundo basi yapo tayari. Kinachokosekana ni nyuzi za kuyaunganisha na matini: ushahidi wa tume, nyimbo za Wanubi, riwaya za Nairobi, maneno yaliyokusanywa na Bernd Heine katika kitabu chake cha 1982 kuhusu Kinubi cha Kibera.

Hata hivyo, tusiimeze teknolojia hii nzima nzima. Majina ya nyuzi yameundwa zaidi na makumbusho na maktaba za Ulaya na Marekani. Huko mara nyingi aliyebuni na aliyeandika ni mtu mmoja. Sisi tuna mtunzi, mnakili, mghani na malenga, na si lazima wawe mtu mmoja. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858, haukutufikia kwa mkono wa mtunzi pekee; umenakiliwa na kukaririwa na wengi. Tukikubali uzi mmoja tu wa "mwandishi", tutakuwa tumejaza wavu wetu uongo uliopangwa vizuri. Kazi ya kutaja mahusiano haya kwa Kiswahili ni ya wanaisimu na wanafasihi wetu, si ya wahandisi.

Kuna hatari nyingine pia. Wavu unaounganisha mtu, ukoo, nyumba na kiwanja ni hazina kwa mtafiti, lakini ni silaha mikononi mwa mnyakuzi wa ardhi. Habari za watu walio hai ziombewe ridhaa, na nyingine zisiwekwe kabisa.

Kwa anayetaka kuanza, gharama si kubwa. Chora jedwali lenye safu nne: kiima, kiarifu, yambwa, na nani kasema. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kulijaza kwa simu yake akiwa na ukurasa mmoja wa matini mbele yake. Baadaye wataalamu wa kompyuta watalibadilisha kuwa RDF bila shida. Lakini ile safu ya nne isiachwe tupu hata siku moja, kwa sababu kompyuta haiwezi kuijaza baadaye. Anayejua nani kasema ni mhariri aliyeishika karatasi.