Watoto wetu wa kike wanajifunza kupanda mlima: tutie sahihi?



Tangu mwezi uliopita, katika mikutano yetu yote, watu wamekuwa wakizungumzia mafunzo ya kupanda mlima. Kilabu kimoja cha vijana wanaopenda matembezi ya milimani, hapa Bukavu, kimefungua mafunzo kwa wanaoanza. Kati ya vijana 12 walioandikishwa, 5 ni watoto wa kike wa jamaa zetu. Wanafundishwa kila siku ya posho, mara nne, kisha wamalize kwa kupanda Kahuzi. Kabla ya safari hiyo kila mzazi anaombwa kutia sahihi barua ya ruhusa, na barua hiyo ndiyo imeleta maneno.

Wengine kati yetu waliuliza: "Mtoto mwanamke anatafuta nini mlimani?" Wengine walitaka kujua kama kuna malipo. Mama mmoja mzee alicheka, akasema yeye amepanda milima tangu ujana wake na mzigo mgongoni, na hakuna aliyempa cheti. Anasema kweli. Mama anayebeba gunia kutoka Muhanzi, kando ya ziwa, mpaka soko la Kadutu, na kamba kwenye paji la uso, ana nguvu za kutosha za kupanda. Basi mafunzo hayo yanamwongezea mtu nini? Ili tujue, sisi wazazi wachache na walimu wa chama tuliwafuata vijana hao siku zote nne. Haya ndiyo tuliyoona.

Miguu na mfuko

Siku ya kwanza hawakupanda sana. Walifundishwa kutembea polepole, kila mtu akiweza kuzungumza huku anatembea. Anayeshindwa kuzungumza anakwenda mbio kupita kiasi. Anayetembea polepole kuliko wote anawekwa mbele, na kundi zima linafuata mwendo wake. Tulipenda sana kanuni hiyo. Katika madarasa yetu, mara nyingi mwanafunzi wa namna hiyo tunamwacha nyuma.

Kisha walifungua mifuko. Waongozi walitoa nguo za pamba, maana pamba ikiloa maji haikauki upesi na mwili unapoa. Sweta ya sufu ni bora, hata iliyonunuliwa sokoni kwenye nguo za mitumba. Koti la mvua, tochi, filimbi, maji, na chakula cha kutosha kwa siku moja zaidi ya ile ya safari: hayo hayakosekani.

Hewa na baridi

Siku ya pili ilikuwa ya masomo. Kahuzi ni volkano iliyozimika, yenye urefu wa mita 3,308. Ziwa letu liko kwenye mita 1,460 hivi. Kadiri mtu anavyopanda, joto linapungua, karibu digrii 6 kila mita 1,000. Maana yake, kileleni kuna baridi kuliko ufukweni kwa digrii 10 au zaidi, hata kabla ya upepo na mvua.

Hewa nayo inakuwa nyepesi. Kwenye kilele cha Kahuzi mapafu yanapata hewa kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani ya bahari. Wamama wanaopika wataelewa upesi: hapa Bukavu maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, na huko juu kwenye digrii 89 hivi. Yanatokota vizuri kabisa, lakini maharage yanachelewa kuiva.

Mwili usiozoea hewa hiyo unatoa dalili: kichwa kinauma, moyo unachafuka, mtu anakosa hamu ya kula, anachoka bila sababu. Mwenye dalili hizo hapandi tena mpaka ziishe, na zikizidi anashushwa. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, anateremshwa mara moja, hata usiku, na hashuki peke yake. Kwa milima mirefu zaidi, kama Ruwenzori yenye mita 5,109, kuna kanuni nyingine: ukishapita mita 3,000, usilale mahali palipo juu zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana yake.

Hapa tuna neno kwa wazazi wote. Mtoto mwenye ugonjwa wa SS asipelekwe mahali pa juu kabla munganga wake hajakubali. Hewa nyepesi, baridi na kukosa maji vinaweza kumletea maumivu makali na hatari kubwa. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo naye aulize kwanza. Tusifiche ugonjwa wa mtoto kwa haya, kwa sababu mwongozi hawezi kulinda asichokijua.

Saa sita kamili

Siku ya tatu ndiyo iliyotufundisha zaidi. Vijana walipelekwa kwenye kilima kirefu nje ya mji. Asubuhi mwongozi aliwaambia: "Saa sita kamili tunarudi, popote tutakapokuwa." Njiani walijifunza kufunga fundo la nane na kushikiliana kwa kamba penye mwamba, kwa hiyo walichelewa. Saa sita ilipofika, kilele kilikuwa mbele yao, mwendo wa dakika 20 tu. Mwongozi akageuka.

Vijana walinung'unika. Msichana mmoja wa jamaa zetu alilia kabisa, akasema ameona aibu kurudi nyumbani bila kufika. Mwongozi, dada mwenye umri wa miaka isiyozidi 30, alimjibu kwa upole: "Kilele ni nusu ya njia. Nyumbani ndiko mwisho." Walishuka. Kabla ya saa nane mvua kubwa ilinyesha na njia ikawa tope tupu, lakini wao walikuwa wamekwisha kufika barabarani.

Hapo tulipata jibu la swali letu. Yule mama wa Muhanzi ana nguvu, lakini hana ruhusa ya kurudi: akiacha mzigo njiani, watoto hawali. Watoto wetu wanafundishwa kupima nguvu zao, kutazama saa na mawingu, na kusema "inatosha" mbele ya wenzao bila kuona haya. Msichana anayeweza kusema hivyo mlimani, tunaamini ataweza kusema hivyo mahali pengine pia.

Siku ya nne walijifunza la kufanya mtu akipotea au akiumia. Anayehitaji msaada anapiga filimbi mara 6 katika dakika moja, anapumzika dakika moja, kisha anarudia. Anayemsikia anajibu kwa kupiga mara 3. Wafundisheni hata watoto wanaokwenda kutafuta kuni.

Na wale wanaosema si kazi ya mwanamke?

Tuwasimulie habari za Junko Tabei wa Japani. Alipokuwa na miaka 10, mwalimu wake aliwapeleka wanafunzi kwenye mlima Nasu, naye akaupenda mlima tangu siku hiyo. Mwaka 1969 alianzisha kilabu cha wanawake wapanda milima. Fedha zilikuwa haba, hata wakajishonea baadhi ya vifaa. Tarehe 16 Mei 1975 akawa mwanamke wa kwanza duniani kufika kilele cha Everest. Nyumbani alikuwa ameacha mtoto wa kike wa miaka 3. Tarehe hiyo hiyo ya 16 Mei, mwaka 2019, Saray Khumalo, aliyezaliwa Zambia na kuishi Afrika Kusini, alifika huko pia, mwanamke Mwafrika mweusi wa kwanza.

Kabla ya kutia sahihi

Hatumlazimishi mzazi yeyote. Lakini asiyetaka, akatae akiwa amekwisha kuuliza. Maswali yetu ni haya:

– Je, kuna mwanamke kati ya waongozi, na wasichana watalala wapi?
– Nani anabeba dawa, na nani anajua kuzitumia?
– Saa ya kurudi ni ipi, na nani anaamua?
– Je, njia na saa zimeandikwa kwenye karatasi inayobaki mjini kwa mtu anayejulikana?
– Walinzi wa parki wanasema nini kuhusu usalama wa juma hilo?

Swali la mwisho ndilo kubwa kuliko yote kwetu. Katika parki ya Kahuzi-Biega hakuna anayepanda bila waongozi wa parki, na wakisema njia si salama, hakuna safari. Kilabu kimekubali jambo hilo mbele yetu. Wamesema pia kwamba wako tayari kumalizia mafunzo kwenye kilima kile kile cha siku ya tatu, kama italazimika.

Mpaka sasa wazazi 3 kati ya 5 wametia sahihi. Wawili bado wanafikiri, na tunaheshimu mawazo yao. Kilabu kitakuja kujibu maswali katika mkutano wa juma lijalo. Mwenye sweta ya sufu au koti la mvua lisilotumika nyumbani, alilete siku hiyo: wasichana wawili hawana.