Mtoto Anayeonewa Shuleni Asiachwe Peke Yake

Ndugu Waislamu, mtoto wetu hapa Kituntu, Karagwe, akianza kukataa shule, au akirudi na daftari lililochanwa, tusikimbilie fimbo wala kumwambia, "Nawe mpige!" Tumkalishe, tumsikilize hadi amalize. Kisha tumwendee mwalimu wa darasa, na ikibidi mwalimu mkuu, tukitaja siku na mahali. Simu 116 nayo hupokea bila malipo taarifa za watoto wanaoonewa.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Allah amekataza dharau na kuitana majina mabaya. Naye Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba ndugu anayedhulumu husaidiwa kwa kuzuiwa. Basi wazazi wa pande zote mbili wakutane: huyu alindwe, yule azuiwe. Wote ni watoto wetu.