Kisima Mlangoni pa Jiko

Ugonjwa wa Parkinson haubishi hodi. Siku kikombe cha chai kinapoanza kugongagonga kisahani, au vidole vinaposhindwa kufunga kifungo cha shati, seli nyingi za lile eneo jeusi katika ubongo wa kati zimeshakufa. Seli hizo hutengeneza dopamini na kuifikisha, kwa nyuzi ndefu, hadi putameni, sehemu inayosaidia kuongoza mwendo. Dawa ya levodopa huziba pengo la dopamini, ila miaka ikisonga nguvu ya kidonge huisha kabla ya saa ya kidonge kinachofuata, na mgonjwa hukwama.

Mwaka 1987, huko Lund, Sweden, madaktari walianza kupandikiza tishu za ubongo kutoka mimba zilizotolewa. Hawakuziweka pale zilipofia seli za zamani, maana katika ubongo wa mtu mzima ni vigumu nyuzi kukua umbali ule. Walizipeleka putameni moja kwa moja, kama mtu aliyechoshwa na bomba la mtaa akachimba kisima mlangoni pa jiko.

Wapo waliopata nafuu kubwa. Kisha mwaka 2001 yakatoka matokeo ya majaribio ya Marekani: wagonjwa 40, nusu walipandikizwa, nusu walitobolewa fuvu tu. Ukatili? Mimi naona ilikuwa lazima, kwa sababu matumaini matupu yanaweza kumfanya mgonjwa wa Parkinson atembee vizuri zaidi. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalijiona karibu sawa. Nafuu ya mwendo ilionekana kwa waliopandikizwa wenye umri mdogo zaidi. Baadaye baadhi ya waliopandikizwa walianza kujinyonganyonga bila kutaka, hata walipopunguziwa dawa.

Leo hatutegemei tena mimba. Tangu Shinya Yamanaka aonyeshe mwaka 2006, kwa seli za panya, kwamba seli iliyokomaa hurudishwa utotoni, seli shina za namna hiyo huoteshwa maabara hadi ziwe seli za dopamini. Timu ya Jun Takahashi, Kyoto, iliripoti mwaka 2025 juu ya wagonjwa saba waliopandikizwa seli hizo: kwa miaka miwili hakuna uvimbe wa saratani, na kati ya sita waliopimwa mwendo kabla ya kumeza dawa, wanne walikuwa na nafuu. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na 2001 tumeshaiona.

Tena, kisima hakitibu choo kigumu, pua isiyonusa wala kumbukumbu inayopotea. Hayo yana mizizi kwingine. Mwaka 2008 ilibainika pia kwamba baadhi ya seli zilizopandikizwa zaidi ya miaka kumi nyuma zilikuwa zimeshaanza kuugua ugonjwa uleule.

Majaribio halali kwa kawaida hayamuuzii mgonjwa seli. Ukitajiwa bei kwanza, chukua mkoba wako uondoke.