Runinga Ikizimwa, Mikono Ipewe Kazi

Je, unaukumbuka mwezi wa Februari mwaka wa 2015? Kenya ilikuwa ikihamia utangazaji wa dijitali, na kutokana na mvutano uliozuka, vituo vya KTN, NTV, Citizen na QTV vikatoweka hewani kwa siku 19. Huenda nyumbani kwako pia mliketi sebuleni jioni mkitazamana kama abiria wa matatu. Taarifa ya habari hakuna, mchezo wa kuigiza hakuna. Na la kuambiana? Hilo nalo likawa adimu.

Siku hizo zilitufunza jambo moja. Kuzima runinga peke yake hakuleti mazungumzo. Baba akizima kisha akatangaza, "Haya, sasa tuongee," watoto hunyamaza kana kwamba wameitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Dakika 10 baadaye kila mmoja yuko na simu yake pembeni.

Basi dawa ni ipi? Wazazi wengi wenye asili ya Kitui na Makueni wanaijua, ingawa wameisahau tangu wahamie mjini. Huko kwao, aghalabu watu hawaketi ili kuzungumza. Huketi kufanya kazi ndogo ya mikono, na mazungumzo huja yenyewe.

KIONDO HUFUNGUA KINYWA

Mtazame mama wa Kikamba anaposuka kiondo. Nyuzi za katani huzisokota juu ya paja, huanza kusuka kitako, kisha hupanda polepole akizunguka. Zamani, kabla ya katani kuenea, nyuzi zilitokana na magome ya miti kama mbuyu. Kazi hiyo haihitaji macho wakati wote. Wapo wanaosuka huku wakitembea kwenda sokoni! Macho yakiwa huru na mikono ikiwa na shughuli, ulimi nao hulegea.

Ukiwapeleka watoto kwa nyanya yao likizo hii, usimwombe "awasimulie watoto kitu." Mwombe awafunze kusokota uzi. Uzi wa kwanza utakuwa na mafundo, wa pili utakatika, na kicheko kitaanza. Kabla ya uzi wa tatu, msichana atakuwa ameuliza nyanya alijifunza kwa nani, na alikuwa na umri gani. Hilo ni swali ambalo hangeliuliza mkiwa mmeketi mbele ya kioo cha runinga.

Wala wavulana wasiachwe nje. Katika likizo ya Agosti, mbaazi mbichi hupatikana. Mwaga maganda yake kwenye ungo, familia nzima izunguke, kila mtu abambue. Au mtoe kinu mtwange muthokoi. Mahindi hunyunyiziwa maji kidogo, hutwangwa hadi ganda la nje litoke, hupepetwa, kisha huchemshwa pamoja na maharagwe au mbaazi. Watu wawili wakitwanga katika kinu kimoja lazima wapokezane mapigo. Ukikosea, michi inagongana. Kijana na dada yake waliogombana asubuhi hawawezi kutwanga pamoja bila ya kupatana.

Akina baba nao wana zamu yao. Wengi wenu mlitengeneza magari ya waya mlipokuwa wadogo, yenye magurudumu ya patapata kuukuu na usukani mrefu. Je, mwanao amewahi kukuona ukitengeneza moja? Tafuta waya na koleo, keti naye chini ya mwembe. Atagundua kwamba baba yake aliwahi kuwa mtoto.

KITENDAWILI! TEGA!

Giza likiingia, vitendawili vina nafasi yake. Wakamba huviita ndai. Mchezo huu haugharimu hata senti. Asiyeweza kufumbua hutoa mji, na mwenye kitendawili akiukubali ndipo hutoa jibu. Sasa, watoto wa mjini wakiombwa mji hukimbilia London na New York. Weka sharti: miji yote itoke Kitui na Makueni. "Nipe mji." "Nakupa Mutomo." "Siutaki." "Nakupa Kibwezi." Kufikia mwisho wa wiki watakuwa wameizuru Wote, Mwingi, Kikumbulyu na Mtito Andei bila ya kuondoka jikoni.

Baada ya vitendawili huja hadithi za sungura, fisi na mazimwi. Hapa, msomaji, tuseme ukweli. Watoto wengi waliozaliwa mjini hawasikii Kikamba. Nyanya, ambaye wangemwita susu, ana hadithi tele ila hazipiti. Mzazi, usione haya kuwa mkalimani. Nyanya asimulie kidogo, wewe ufasiri, aendelee. Hadithi itachukua muda mara mbili, lakini mtoto ataondoka na maneno mawili matatu ya lugha ya babu zake. Kesho atataka mengine.

Na wewe mwanafunzi wa sekondari, chukua daftari. Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka wa 1931, alipata sifa duniani kote kwa vitabu vyake kuhusu dini na falsafa ya Kiafrika. Hata hivyo hakudharau hadithi za nyumbani. Alizikusanya, na mwaka wa 1966 kitabu chake Akamba Stories kikachapishwa. Alifariki mwaka wa 2019, lakini hadithi hizo zingalipo. Je, zile za nyanya yako ziko wapi? Kama ziko kichwani mwake tu, basi siku atakayoondoka zitaondoka naye. Andika moja kila jioni, ukitaja aliyeisimulia na mahali alipoisikia yeye mwenyewe. Likizo moja yatosha kujaza daftari.

MATEMBEZI YASIYO NA GHARAMA KUBWA

Asubuhi kabla ya jua kali, tokeni. Walio karibu na mji wa Kitui wana jabali la Nzambani. Wenyeji husema kwamba mtu akilizunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Watoto watataka kujaribu! Mwache babu asimulie kwanza, kisha mwende mkapande ngazi hadi juu mtazame nchi ilivyokunjuka. Walio upande wa Makueni wana vilima vya Mbooni na Kilungu, na tangu mwaka wa 2017 reli mpya ina vituo Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Kwa mtoto ambaye hajapanda gari moshi, safari yenyewe ni sherehe.

Pitieni pia kwenye mto wa mchanga. Mtoto wa mjini ataona mto mkavu na kucheka. Mwonyeshe wanavyochimba kidogo na maji yakatokea. Kisha mwonyeshe bwawa la mchanga: ukuta uliojengwa kukata mto, ukazuia mchanga unaobebwa na mafuriko, na maji yakajificha kati ya chembe zake mbali na jua. Mabwawa mengi ya aina hiyo yalijengwa na wanakijiji wenyewe kwa mwethya, yaani kazi ya kusaidiana. Mwulize babu kama naye alibeba mawe. Huenda akakuonyesha lake.

Lakini tahadhari! Mito hii hujaa ghafla, hata pale mnaposimama pakiwa hapajanyesha. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililojaribu kuvuka mto Enziu, Mwingi, ukiwa umefurika lilisombwa na zaidi ya watu 30 wakaangamia. Msimu wa mvua, mto utazamwe kutoka ng'ambo ya juu.

MKISHARUDI MJINI

Likizo ikiisha, usirudi kwenye mtindo wa zamani. Chagua jioni moja kwa wiki, kwa mfano Jumapili hii. Huhitaji kinu wala katani. Kuna maharagwe ya kuchagua, chapati za kusukuma, vifungo vya sare vya kushona, viatu vya shule vya kupiga rangi. Kazi ambazo mama au msaidizi wa nyumbani hufanya peke yake jikoni zilete sebuleni, mzigawane.

Usiifanye jioni hiyo kuwa adhabu. Runinga si adui, na vipindi vizuri vipo. Isitoshe, mzazi anayewazimia watoto runinga kisha akainamia simu yake atawafunza unafiki tu. Simu zote ziwekwe mahali pamoja, yako ikiwa ya kwanza.

Usishangae jioni ya kwanza ikiwa na kimya kingi. Endelea kuchagua maharagwe. Aghalabu jambo zito linalomsumbua mtoto, awe ni mwenzake anayemwonea au somo linalomshinda, hulitoa akiwa ameinamisha macho kwenye ungo, si unapomkazia macho. Ndiyo maana mikono ipewe kazi. Nawe uwe karibu kumsikia.