Anayewapanga Wanaojitolea

Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 5 Desemba kuwa siku ya wanaojitolea duniani. Wachache wetu tunajua kwamba mwezi mmoja kabla yake, tarehe 5 Novemba, huadhimishwa siku ya wasimamizi wao, desturi iliyoanza mwaka 1999.

Wasimamizi wa Kanada, Uingereza, Australia na kwingineko hubadilishana maarifa yaliyo mepesi kuyataja, mazito kuyatenda: kila mtu aelezwe kazi yake kabla ya kuianza, nauli isimtoke mfukoni, aulizwe maoni, ashukuriwe kwa jina. Anayeyakosa haya huondoka kimya kimya, na mzigo humwangukia mmoja.

Nasi wa pwani tuna cha kuwapa. Panapotokea msiba, mama mmoja wa mtaa hugawa majukumu: huyu maji, yule kuni, wale masufuria, na kabla ya alasiri wafiwa na wageni wamekwisha kula. Huo ni usimamizi, ijapokuwa hauna cheti. Tuyaandike basi ayajuayo, tumfikishie na ya wenzake wa mbali, tumpe na binti wa kumfuata. Kwani akichoka bila mrithi, hatajua mtu hata masufuria yamewekwa wapi.