Maktaba Inayokataa Kupakiwa

 Fungueni madaftari, lakini msiandike bado. Kwanza sikilizeni.

Leo twazungumza habari za programu ya kompyuta ambayo jana ilifanya kazi katika mashine moja, na leo katika mashine nyingine yakataa. Jambo hili si la mafundi peke yao. Tuseme chama chenu cha ushirika kina kompyuta ya kutunzia hesabu za kahawa, kilo ngapi kaleta nani. Kompyuta imezeeka. Yanunuliwa nyingine, programu yahamishwa, nayo yatoa mstari mmoja wa Kiingereza kisha yazimika. Wakulima wangoja malipo. Fundi wa kwanza asema mashine mpya ni mbovu, irudisheni. Wa pili asema programu imekufa, nunueni nyingine. Huenda wote wawili wamekosea, na dawa yenyewe haina bei.

Mstari ule wa Kiingereza mara nyingi husema kwamba maktaba imeshindwa kupakiwa. Maktaba hapa si nyumba ya vitabu. Ni faili lenye kazi zilizokwisha kutengenezwa, ambazo programu nyingine huziazima. Mnajua kwamba katika vihamba vyetu si kila nyumba yenye mashine ya kumenyea kahawa. Asiye nayo huchukua debe lake kwa jirani, akamenya, akarudi na kahawa yake. Ndivyo afanyavyo mwandishi wa programu. Hakutengeneza mwenyewe kazi ya kuchora ramani au ya kupunguza ukubwa wa picha, ameiazima. Katika Windows jina la faili la maktaba huishia kwa .dll, katika Linux kwa .so, na katika kompyuta za Apple kwa .dylib.

Sasa sikilizeni sana, maana hapa ndipo penye shina la maneno. Programu nyingi huandikwa kwa lugha kama Java au Python. Lugha hizi nazifananisha na Kiswahili. Mtu wa Rombo akisema Kiswahili, mtu wa Machame amwelewa, ingawa Kichaga cha Rombo na Kichaga cha Machame ni mbalimbali, hata wenyewe hawasikilizani vizuri. Kila kompyuta iliyowekewa Java imepata mkalimani, na kwa hiyo programu ile ile yaweza kwenda katika mashine za namna nyingi. Lakini ziko kazi zinazotaka mbio sana, au zinazotaka kugusa mashine yenyewe. Hizo huandikwa kwa lugha kama C, kisha hugeuzwa kuwa lugha ya mashine kabisa. Maktaba ya namna hii haina mkalimani. Ni Kirombo kitupu. Ukiipeleka Machame haieleweki.

Na lugha za mashine ni nyingi. Kompyuta nyingi za mezani zina ubongo wa aina ya x86, ule wa Intel na AMD. Simu karibu zote zina ubongo wa aina ya ARM. Mwaka 2020 Apple walianza kuuza kompyuta zao zenye ubongo wa ARM, na watu waliozoea zile za awali wakaona maktaba zao zikikataliwa, ingawa kwa nje kompyuta ni kama ile ile. Tena, ndani ya aina moja ziko za biti 32 na za biti 64. Programu ya biti 64 haiwezi kupakia maktaba ya biti 32, wala ya 32 haiwezi kupakia ya 64. Katika simu, Google waliagiza kwamba tangu tarehe 1 Agosti 2019 programu mpya zenye maktaba za namna hii zije na za biti 64 pia.

Hapa watu wengi hunaswa. Mtu hutazama kompyuta yake, akaona ni ya biti 64, akaleta maktaba ya biti 64, na bado yakataliwa. Kwa nini? Kwa sababu inayotakiwa kupatana na maktaba ni programu inayoazima. Windows ya biti 64 hukubali kuwekewa Python ya biti 32, na pengine Python mbili zakaa humo pamoja. Moja yapakia maktaba, ya pili yaikataa, na mwenye kompyuta haelewi. Windows ikitoa namba 193 na kusema kwamba faili si halali, shuku biti kwanza. Yawezekana pia faili limeharibika njiani.

Jambo la pili ni mahali. Ukimtuma mtoto alete jembe ghalani, nawe umeliweka jikoni, atarudi aseme hakuna jembe. Kila programu ina orodha ya mahali pa kutafutia. Java ina orodha yake, Linux ina yake, Windows ina yake. Kwa hiyo programu moja hufanya kazi ikianzishwa katika dirisha jeusi la amri, na hukataa ikianzishwa katika chombo kingine cha kuandikia programu: dirisha la kwanza lilipewa orodha, la pili halikupewa. Pengine orodha hubadilishwa na watengenezaji wenyewe. Python toleo la 3.8, la mwaka 2019, iliacha kutafuta katika orodha ya Windows iitwayo PATH wenzi wa maktaba, na programu zilizotegemea desturi ile zikasimama.

Nimesema wenzi, na hili ndilo linalosumbua kuliko yote. Maktaba nayo huazima kwa maktaba nyingine. Windows hutoa namba 126, maana yake faili halikuonekana. Mtu hufungua folda, akaliona faili kwa macho yake, akasema kompyuta ni mwongo. Imesema nusu tu. Faili liko, asiyekuwapo ni mwenzi wake, na jina la mwenzi halikutajwa. Katika Linux iko amri iitwayo ldd, ambayo huorodhesha wenzi wote na kuonyesha asiyeonekana. Itumieni kwa faili mnaloliamini tu, kwa kuwa yaweza kuamsha programu iliyomo.

Mfano mkubwa ni wa zahanati. Hesabu za watoto waliochanjwa na akina mama waliojifungua huingizwa katika DHIS2, mfumo ulioandikwa kwa Java chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliuanza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo huutumia. Hesabu zenyewe hukaa katika ghala liitwalo PostgreSQL, na ghala hilo huazima maktaba ya ramani, PostGIS. Kila toleo la PostgreSQL lina maktaba zake. Fundi akihama toka toleo la 12 kwenda la 14, asiweke PostGIS iliyotengenezwa kwa toleo la 14, kazi itakatika na kusema faili halikuonekana. Hakuna mtoto aliyepotea katika hesabu. Wote wamo katika ghala la zamani. Namwogopa fundi mwenye haraka, yule afutaye ghala aanze upya.

Wako pia wapakuao faili moja la .dll kutoka mahali wasipopajua, wakalitupa ndani ya Windows. Waweza kupata toleo lisilopatana, au kirusi. Mwombeni maktaba yule aliyetengeneza programu, au mtengenezaji wa maktaba yenyewe.

Sasa andikeni kazi ya juma hili. Nendeni penye kompyuta, ya shule au ya duka la Kiboriloni, mkaombe ruhusa. Katika Windows fungueni mipangilio, sehemu ya mfumo, kisha habari za mashine. Andikeni aina ya ubongo na biti zake. Kisha mwulizeni mwenyewe kama Java au Python imewekwa, na kama ni ya biti zile zile. Leteni majibu darasani. Kwaherini.